Wodi ya saratani ya watoto, hospitali ya kanda: nyota nne kati ya tano

Doto wangu, miaka sita, alianza na jino kulegea. Zahanati wakaling'oa. Likalegea la pili, shavu likamjaa kama ameficha embe mdomoni; wakang'oa na hilo, wakatupa antibayotiki. Wiki mbili zikaenda hivyo hivyo. Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba uvimbe wa aina hii unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili.

Rufaa ikatuleta hapa. Wakamchoma sindano nyembamba tayani, wakavuta kidogo wakapime. Majibu: limfoma ya Burkitt.

Daktari alikaa pale pale kitandani, akatuchorea nyuma ya boksi la glavu. Hii ni saratani ya seli nyeupe za damu, zile za kinga, zinazozaliana ovyo. Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Kampala, aliona watoto wenye taya kama za Doto pale Mulago, akaandika habari zao mwaka 1958. Mwaka 1964 watafiti London wakaona kirusi ndani ya seli hizo. Hapo mke wangu akauliza nililokuwa naliogopa: na Kulwa je, pacha wake?

"Mama Kulwa, kirusi hicho karibu sote tunacho, hata mimi. Saratani haiambukizi. Wakirudi nyumbani waacheni walale pamoja." Malaria ya mara kwa mara nayo inachangia, akasema, ndiyo maana huku kwetu ziwani inaonekana sana.

Kwa majibu hayo tu ningewapa nyota zote.

Na manesi. Kabla ya dawa ya kwanza walimwekea dripu na kumnywesha maji kutwa, maana uvimbe ukiyeyuka kwa kasi taka zake zinaweza kuharibu figo. Sista akawa anapima kila mkojo kwa jagi, usiku pia. Siku ya tano shavu lilikuwa limenywea, na kisu hakikumgusa.

Nyota niliyoinyima: dawa iliisha katikati ya mzunguko wa pili, nikatumwa kununua nje, nikauza nyavu. Halafu ile sindano ya mgongoni, ya kukinga ubongo, hakuna aliyetuandaa. Mtoto alipiga kelele, nami nikatoka nje. Wazazi tunalala koridoni.

Ukipelekwa huko, beba jagi lako. La wodini ni moja, linagombewa.