Mayai ya Pasaka ya watoto: ununue yapi bila kujaza takataka

Pasaka ikikaribia watoto wanataka mayai ya kufichwa wayatafute, na madukani yamejaa yale ya plastiki yanayofunguka katikati. Mimi naangalia jambo moja tu, sikukuu ikiisha hiki kitu kinaenda wapi?

Namba moja, tena kwa mbali sana, ni mayai ya kuku yenyewe. Yanaliwa, maganda yanaingia kwenye mbolea, basi. Na rangi za paketi achana nazo maana jikoni zipo, maganda ya vitunguu yanatoa kahawia ya kuelekea chungwa, manjano inatoa njano kali, bitiruti pinki, halafu kabichi ya zambarau, hapa ndo watoto wanashangaa, inatoa bluu! Chemsha, chuja, tia siki kidogo rangi ishike, loweka mayai yaliyokwisha kuchemshwa, ukiyaacha kwenye friji usiku kucha rangi inakolea zaidi. Ila yai la kuchemsha likishakaa nje zaidi ya saa 2 usimpe mtoto ale, na kwenye friji mwisho wiki 1.

Namba mbili ni ya mbao. Bei iko juu kweli, lakini unanunua mara moja na mdogo mtu atakuja kuyatumia. Hakikisha tu rangi yake ni salama mdomoni.

Tatu chokoleti. Hapa tatizo ni boksi kubwa lenye kidirisha cha plastiki, chukua iliyofungwa foili peke yake, foili zikusanye uzifinyange donge moja sababu vipande vidogo vinapotea kwenye mashine za kuchambua taka. Tafuta nembo ya Fairtrade au Rainforest Alliance pia, hizi ni alama za kujali wakulima na misitu, kakao ya dunia zaidi ya nusu inatoka Kodivaa na Ghana na misitu mingi kule imekatwa kupisha mashamba.

Mwisho kabisa plastiki mpya. Kama unayo ya zamani tumia hiyohiyo mpaka ivunjike, usiitupe ili ununue ya "kijani". Na yale yanayoandikwa yanaoza, mengi ni PLA, yaani plastiki ya mimea kama mahindi, inataka joto la karibu nyuzi 60 la mtambo wa mboji, kwenye shimo lako la nyumbani itakaa tu.

Nyasi za plastiki za kutandika kikapuni sizipi namba yoyote, usinunue kabisa, hazirejelezwi na paka akizimeza zinaweza kumkwama tumboni. Katakata magazeti ya zamani, yanatosha.