Garmin inReach Mini 2 mikononi mwa kiongozi wa msafara wa porini

Kifaa hiki cha kutuma ujumbe na wito wa dharura kwa setilaiti kina uzito wa gramu 100 na kinaenea kiganjani. Kwa shirika linalopeleka watu porini siku tano au kumi, mbali na mnara wowote wa simu, jibu letu ni fupi: kinunueni. Ila sifa na lawama nyingi zinazoandikwa juu yake zinatoka kwa mtu anayetembea peke yake. Mfanyakazi mwenye watu kumi na wawili nyuma yake ana maswali mengine. Nani anakibeba? Nani anasoma ujumbe upande wa pili? Ujumbe wa saa kumi na mbili jioni usipofika, nani anaanza kufanya nini, na saa ngapi? Tumekipima kwa maswali hayo, kwa sababu hapo ndipo kinapookoa watu au kinapobaki pambo la mkoba.

Kinatumia mtandao wa Iridium, wenye setilaiti 66 zinazozunguka dunia kwa urefu wa kilomita 780 hivi, na unafika kila mahali, hata kwenye ncha za dunia. Ujumbe ni wa herufi 160 na unakwenda pande zote mbili: ofisi inaweza kujibu. Sasa, setilaiti hizo hazikai mahali pamoja. Zinapita, na kifaa kinasubiri ile inayofuata. Penye anga wazi ujumbe hutoka ndani ya dakika chache. Kwenye bonde jembamba lenye kuta za mwamba, au chini ya msitu mzito uliolowa, unaweza kukwama dakika 20 na zaidi. Kifaa hakijaharibika, mawimbi ndiyo yamezibwa. Kosa tunaloliona sana kwenye sera za mashirika ni kwamba zinasema “kiongozi atatuma ujumbe kila jioni” na kuishia hapo. Kiongozi anabonyeza, anakitia mfukoni, anaanza kusimamisha hema, na ujumbe unalala humo humo mpaka asubuhi. Sentensi inayotakiwa ni hii: kazi haijaisha mpaka kioo kionyeshe ujumbe umetoka, na hadi wakati huo kifaa kinakaa nje, mahali pa wazi, antena ikitazama juu.

Wakati wa kutembea, mahali pake ni juu kwenye mkanda wa bega. Mwili wa binadamu unazuia mawimbi vizuri mno, kwa hiyo kukining'iniza kiunoni au kukizika chini ya sufuria ndani ya mkoba ni kukinyima anga.

Wapo wanaouliza kwa nini wasitumie kirusha ishara cha dharura cha masafa ya 406 MHz, kile kinachopita kwenye Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa setilaiti wa kutafuta na kuokoa watu. Kile hakidai malipo ya kila mwezi, kina betri inayokaa miaka bila kuguswa, na kwa mtu mmoja kinatosha. Tatizo lake kwa msafara wenye wafanyakazi ni kwamba kwa kawaida hakina mazungumzo. Kinapiga kelele moja tu: njooni. Dharura nyingi za misafara hazihitaji helikopta. Kuna aliyeteguka kifundo cha mguu, mto uliojaa ukafunga njia, mshiriki aliyeishiwa dawa zake. Hapo kiongozi anataka kuuliza daktari swali, au kuomba gari lisogezwe hadi njia nyingine. Uwezo huo wa kuzungumza ndio unaohalalisha gharama ya usajili wa kila mwezi.

Kitufe cha SOS, yaani cha wito wa dharura, kiko ubavuni, chini ya kifuniko kidogo. Unakiinua kifuniko, unashikilia kitufe, kifaa kinaanza kuhesabu kurudi nyuma, na ukiwa umekosea unaweza kufuta. Wafanyakazi wote wafanye mazoezi ya kukiinua kifuniko hicho wakiwa na glavu na wakiwa gizani, bila kugusa kitufe chenyewe. Hesabu ikiisha, kwa dakika 10 za mwanzo kifaa kinapeleka mahali ulipo kila dakika. Baada ya hapo kinapeleka kila dakika 10 ukiwa unatembea, na kila dakika 30 ukiwa umetulia. Kituo cha Garmin kinachopokea wito kiko Texas, Marekani. Kazi yake ni kuwasiliana na wewe na kuwaamsha waokoaji wa eneo ulipo. Chenyewe hakirushi ndege. Kwa hiyo maswali yatakuja, na anayeyajibu asiwe yule aliyeshikilia kichwa cha majeruhi. Sera igawe kazi mbili mapema: mmoja kwa mgonjwa, mmoja kwa kifaa. Wa pili akae mahali pamoja, penye anga, akiwa na karatasi yenye majibu tayari: wangapi wameumia, nini kilitokea na saa ngapi, wanapumua vipi, wana fahamu au hawana, wanaweza kutembea au hawawezi, eneo likoje kwa helikopta kutua. Herufi 160 zinaisha haraka, kwa hiyo anza na hali ya mgonjwa. Mahali mlipo kifaa kimeshapeleka chenyewe.

Kitu ambacho kifaa hakiwezi kukuamulia ni lini kubonyeza. Tumesoma sera zinazosema “kwa dharura kubwa tu”, na hizo zinamwacha kijana wa miaka 23 porini akijiuliza saa mbili nzima kama hii ni kubwa. Andikeni dalili zenyewe. Aliyegonga kichwa akapoteza fahamu. Anayepumua kwa shida. Anayeshukiwa kuumia uti wa mgongo. Mshiriki aliyepotea na muda wa kumtafuta mliokubaliana umekwisha. Kwenye milima mirefu, anayechanganyikiwa au kuyumba anapojaribu kutembea mstari mmoja kwa kuunganisha kisigino na kidole, maana hiyo ni ishara ya ubongo kuvimba kwa sababu ya mwinuko. Huyu wa mwisho aanze kuteremshwa mara moja kama anaweza kuteremka, na ujumbe utumwe wakati maandalizi yakiendelea. Kukaa kusubiri jibu la setilaiti huku mgonjwa wa mwinuko akiwa juu pale pale ni njia ya kumpoteza, na kifaa kizuri kinaweza kabisa kumtia kiongozi katika mtego huo.

Upande wa ofisi ndio unaoharibu zaidi, na haukaguliwi. Akaunti ya kifaa ina majina ya watu wa kupigiwa simu SOS ikibonyezwa. Shirika linanunua vifaa vitano, mtu mmoja anavisajili vyote, anaweka namba yake, kisha anahama kazi. Au anayepigiwa ndiye huyo huyo anayeongoza msafara, yuko porini na simu yake imezimwa. Kabla ya kila safari mtu wa ofisini afungue akaunti na ahakikishe mambo matatu: namba mbili za watu walio kwenye zamu wiki hiyo, jina la safari na idadi ya watu, na kwamba usajili haujakatika. Akimaliza kubadilisha, kifaa kioanishwe na akaunti ili kichukue mapya, la sivyo mabadiliko ya ujumbe uliotayarishwa, yaani maneno yaliyoandikwa mapema kwenye akaunti, yanabaki kwenye tovuti na kifaa kinaendelea kutuma maneno ya mwaka jana.

Ujumbe huo uliotayarishwa ni wa aina tatu, na kwa maoni yetu ndio sehemu bora ya kifaa kwa kazi ya kuongoza watu. Unatumwa kwa kubonyeza mara chache bila kuandika herufi. Wa kwanza tunaupendekeza uwe: “Tumefika kambini, wote wazima.” Wa pili: “Tumechelewa, tuko salama, msitutafute.” Wa tatu: “Kuna shida isiyo ya SOS, subirini ujumbe mwingine, kaeni karibu na simu.” Ule wa pili mashirika mengi hayana, wanaweka salamu mahali pake, na ndio unaozuia waokoaji kutolewa usiku bila sababu.

Ukimya nao una taratibu zake. Ujumbe wa jioni usipofika, saa moja baadaye mtu wa zamu anatuma swali na kuangalia alama ya mwisho ya mahali walipo. Usiku anatuma tena. Asubuhi, saa waliyokubaliana, anawasiliana na mamlaka ya eneo akiwa na ramani ya njia mkononi. Saa zenyewe kila shirika lipange kulingana na ukali wa eneo na ugumu wa njia, ila ziwe namba zilizoandikwa, na kiongozi azijue kwa kichwa. Akijua kwamba kesho saa mbili asubuhi watu wataanza kumtafuta, atapanda hicho kilima cha jirani kutafuta anga.

Kuandika kwenye kifaa chenyewe ni mateso. Kioo ni kidogo, na herufi unazichagua moja moja kwa vitufe. Ukikiunganisha na simu kwa Bluetooth unaandika kama kawaida, lakini hapo umeongeza kitu cha pili kinachoweza kulowa, kuanguka au kuisha chaji. Mfanyakazi asiyewahi kuandika sentensi nzima bila simu hajafundishwa kifaa hiki. Mazoezi yawe ya dakika 15, nje, simu ikiwa imezimwa.

Betri ni imara. Mtengenezaji anataja hadi siku 14 kifaa kikipeleka mahali ulipo kila dakika 10, na hadi siku 30 kwa kila dakika 30, penye anga wazi. Msituni kifaa kinahangaika kutafuta setilaiti, kwa hiyo kinakula zaidi. Baridi nayo hupunguza nguvu ya betri za lithiamu: usiku kilale ndani ya mfuko wa kulalia. Kinachajiwa kwa USB-C, hivyo pawabenki ndogo moja kwa kila msafara iwekwe akiba kwa ajili yake, isigeuzwe chaja ya simu za washiriki. Maji hayakitishi sana, kina kiwango cha IPX7, yaani mita 1 kwa dakika 30. Mto ukikichukua ni jambo jingine. Kifungwe kwa kamba, siyo kwa ndoano peke yake.

Siku ya kwanza, kabla ya hatua ya kwanza, washiriki wote waonyeshwe kifaa kiko wapi na kinabonyezwaje. Anayeumia anaweza kuwa kiongozi. Kundi likigawanyika, hata kwa nusu siku, nusu moja haina mawasiliano. Kwa hiyo ama vifaa viwili, ama hakuna kugawanyika.

Ukurasa wa ramani ya mtandaoni, ule unaoonyesha vidoti vya safari, tunashauri uwekewe nenosiri na usalie kwa ofisi. Familia ikiona kidoti kimesimama kwa muda wa saa nne, simu zinamiminika kwa mtu wa zamu wakati ule ule anaohitaji laini iwe wazi.

Kabla ya kuvuka mpaka, ulizeni sheria. India, kwa mfano, inazuia vifaa vya setilaiti vya aina hii bila kibali, na msafiri anaweza kukamatwa navyo uwanja wa ndege. Na someni mkataba wa usajili: ada ya mwezi inalipia mawasiliano, gharama ya kuokolewa ni suala la bima nyingine, na jina la kampuni ya bima pamoja na namba ya mkataba vikae kwenye karatasi ile ile ya majibu, ndani ya mfuko usiopitisha maji, kando ya kifaa.