Kalenda ya pamoja ya Outlook kwa ofisi yenye matawi Mbeya, Iringa na Njombe: tathmini ya ruhusa zake

Ofisi yenye makao yake Mbeya mjini na matawi Iringa na Njombe haiwezi kuendeshwa kwa kupigiana simu kila asubuhi kuulizana nani yuko wapi. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilometa 300 za barabara ileile inayobeba malori ya Tunduma usiku na mchana, na mtu akifunga safari kupitia Igawa, Makambako na Mafinga, kisha akafika na kukuta mwenyeji wake ameitwa Dar es Salaam, kazi imelala na mafuta yameungua bure. Kwa sababu hiyo tathmini hii inahusu sehemu moja tu ya Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, nayo ni kalenda ya pamoja, hasa ruhusa zake, kwa kuwa kalenda ambayo wenzako hawawezi kuisoma haina tofauti na shajara iliyofungiwa kabatini.

Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa ofisi ya aina hii Outlook inafaa, na ningeipendekeza kwa meneja yeyote wa tawi, lakini kwa sharti kwamba mpangilio wa ruhusa inaokuja nao ubadilishwe tangu siku ya kwanza, kwa sababu mpangilio huo umewekwa kwa tahadhari kubwa mno kwa watu wanaotegemeana kikazi huku wakiwa mbali.

Mtumishi anapofunguliwa akaunti, wenzake wote katika taasisi hupewa ruhusa ya kuona tu ni saa ngapi ana shughuli na saa ngapi yuko huru. Ngazi inayofuata huonyesha kichwa cha miadi na mahali itakapofanyika; ya tatu huonyesha maelezo yote; kisha ipo ya kuhariri, na juu yake ile ya kukasimiwa, inayomwezesha mtu kupokea mialiko ya vikao na kuijibu kwa niaba ya mwenye kalenda. Ngazi zenyewe zimepangwa kwa busara. Kasoro ninayoiona ni kwamba mtazamaji haelezwi kuwa amezuiwa. Anayefungua kalenda ya mwenzake akiwa na ruhusa ya chini haoni ujumbe wowote wa kumjulisha kwamba hana idhini ya kusoma zaidi. Anaona visanduku vinavyosema kuwa mwenzake ana shughuli, na anaweza kuamini kwa muda mrefu kwamba mwenzake ndiye mvivu wa kuandika maelezo. Mwenye kalenda naye, kwa kuwa anaona kila kitu chake, hana dalili yoyote ya tatizo.

Hatua ya kwanza ya kutafuta chanzo ni rahisi, na nashangaa kuona mara nyingi inarukwa. Fungua kalenda hiyohiyo kwenye kivinjari, kupitia Outlook ya tovuti, badala ya programu iliyosakinishwa kwenye kompyuta. Ikiwa huko inaonekana sawasawa, basi ruhusa haina kosa, na kinachosumbua ni nakala ya kalenda iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ambayo haijasasishwa, jambo la kawaida pale intaneti inapokatika mara kwa mara. Ikiwa kwenye kivinjari pia unaona visanduku vitupu, usipoteze muda kusakinisha programu upya, maana tatizo liko kwenye ruhusa na litatatuliwa na mwenye kalenda au msimamizi wa mfumo.

Katika orodha ya ruhusa kuna mstari unaowahusu watu wote wa taasisi, na chini yake huongezwa majina ya mtu mmoja mmoja au ya makundi. Kanuni inayotawala orodha hiyo ni kwamba jina la mtu likiwemo, ruhusa iliyoandikwa kwenye jina lake ndiyo inayofuatwa, hata kama kundi lake au mstari wa watu wote una ruhusa kubwa zaidi. Hapa ndipo ofisi nyingi hukwama. Meneja anapandisha mstari wa watu wote ili kila mtumishi asome maelezo, wote wanaona isipokuwa mhasibu mmoja, na hakuna anayefahamu kwamba zamani mhasibu huyo aliwahi kuongezwa kwa jina akiwa na ruhusa ya chini. Dawa yake ni kuliondoa jina lake kabisa kwenye orodha, wala si kumwongeza mara ya pili kupitia kundi jingine.

Uhamisho nao una sura yake. Mtumishi akihama au kuacha kazi na akaunti yake ikafutwa, mstari wake kwenye kalenda za wenzake unaweza kubaki, ukiwa hauonyeshi jina bali mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu unaoanza na S-1-5. Akirudi na kufunguliwa akaunti mpya yenye jina lilelile, mfumo humhesabu kuwa mtu mwingine kabisa, na ruhusa zake za zamani hazimfuati. Mstari wa aina hiyo ufutwe bila kusita, kisha mhusika aongezwe upya.

Sehemu iliyonivutia kuliko zote ni ya magari na vyumba vya mikutano, kwa kuwa ndiyo yenye faida kubwa kwa ofisi zetu na ndiyo yenye mtego uliojificha zaidi. Pikapu ya ofisi inaweza kufunguliwa kisanduku chake cha barua pepe cha aina ya kifaa, ikawa na kalenda, na ikapangiwa kukubali yenyewe maombi na kukataa yanayogongana. Bila kuguswa, mpangilio wake unaruhusu kuomba gari hadi siku 180 mbele, kiasi ambacho kinatosha hata kwa ziara za msimu wa mavuno. Sasa, msimamizi anayetaka matawi yote yaone gari linakwenda wapi atapandisha ruhusa ya kalenda hiyo hadi ngazi ya maelezo yote, na bado kila safari itaonekana kwa jina la aliyeomba tu, bila kutaja kama ni ya Rungwe, Makete au Mufindi. Atarudia kuangalia ruhusa na kuikuta sahihi, naye atakuwa sahihi kusema hivyo. Sababu ni kwamba kisanduku cha chumba au kifaa, kinapopokea ombi, hufuta kichwa cha miadi na kuweka jina la mwombaji mahali pake, na huo ni mpangilio tofauti kabisa na ruhusa. Hubadilishwa na msimamizi kupitia PowerShell, yaani programu ya Microsoft ya kuendesha mfumo kwa amri za kuandika, kwa amri ya Set-CalendarProcessing, kwa kuzima vipengele viwili, DeleteSubject na AddOrganizerToSubject. Mabadiliko hayo huhusu maombi mapya pekee. Safari zilizokwisha kukubaliwa zitabaki na majina yaliyowekwa, hivyo mwenye safari muhimu ya mwezi ujao na aitume upya.

Hayo kuyapata kwenye skrini za kawaida za mtumiaji haiwezekani, na kwa maoni yangu ni upungufu wa kweli, kwa sababu tawi dogo lisilo na Afisa TEHAMA linaachwa likihangaika na orodha ya ruhusa isiyo na kosa.

Kuhusu siri, tahadhari inahitajika. Miadi iliyowekewa alama ya faragha hufichwa kwa anayesoma kalenda kwa ruhusa ya kawaida, na aliyekasimiwa huiona ikiwa tu mwenye kalenda amekubali hivyo. Hata hivyo, alama hiyo isichukuliwe kuwa kufuli. Katibu muhtasi aliyepewa na msimamizi ruhusa kamili ya kisanduku cha mkurugenzi hahesabiwi tena kwa orodha ya kalenda. Hata jina lake likiondolewa kwenye orodha hiyo, ataendelea kuona na kuhariri. Kwa hiyo mkurugenzi anayeshangaa kuona ruhusa alizoziondoa bado zinafanya kazi amwombe msimamizi aangalie ngazi ya kisanduku kizima.

Kwenye simu mambo ni mepesi zaidi. Kalenda inayoonekana kwenye kompyuta na isionekane kwenye simu kwa kawaida iliongezwa kwa njia ya zamani. Iondolewe, mwenye kalenda atume mwaliko upya, na mwaliko ukubaliwe kwenye kivinjari au kwenye simu yenyewe. Miadi ikionekana katika saa zisizo zake, angalia kanda ya saa: katika Windows, kanda yetu imeandikwa Nairobi, UTC+3, na anayeitafuta Dar es Salaam anaweza kuchagua isiyo sahihi.

Google Calendar nayo ina ngazi nne za kushirikisha, ambazo ni kuona muda wa shughuli tu, kuona maelezo yote, kubadilisha miadi, na kubadilisha pamoja na kusimamia ushirikishaji. Uchache huo ni faraja kwa ofisi ya watu watano. Kwa taasisi yenye makatibu muhtasi, magari na matawi matatu, ngazi nyingi za Outlook zina kazi zake, na mimi ningebaki nayo.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa ofisi ya namna hiyo ni mstari wa watu wote upandishwe hadi kichwa na mahali, wakuu wa vitengo wasomeane maelezo yote, na kuhariri kubaki kwa mtu mmoja kwa kila kalenda. Msimamizi anaweza kukagua kalenda ya kila mtumishi kwa amri ya Get-MailboxFolderPermission bila kumsumbua mhusika, ilimradi akumbuke kwamba jina la folda ya kalenda hufuata lugha ya kisanduku. Kisanduku kilichofunguliwa kwa Kijerumani, kwa mfano cha mshirika wa mradi kutoka Ujerumani, folda yake inaitwa Kalender, na amri iliyoandikwa kwa jina la Kiingereza itajibu kuwa haikuipata.