Wiki 8 za meditesheni Sinza, haya ndo maoni yangu

Nimemaliza Jumamosi iliyopita na nataka niandike kabla sijasahau, maana nlivyokua natafuta kozi kama hii sikupata mtu hata mmoja wa kunieleza kwa Kiswahili inakuaje ndani.

Tunakaa kwenye darasa la chekechea la kukodi, ukutani kuna a e i o u na picha za wanyama, tunasogeza viti vidogo pembeni tunatandika mikeka. Saa 3 asubuhi mpaka saa 5 na nusu. Kozi yenyewe ni ile aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 kwenye chuo cha udaktari cha Massachusetts huko Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na stresi ambao matibabu ya kawaida yalikua hayajawatosha. Siku ya kwanza kaka mmoja akauliza, dada samahani, hii si dini ya watu? Dada anayetufundisha akamjibu wazi kwamba asili ya mazoezi ni kwa Wabudha na kwenye yoga, ila hapa hakuna ibada wala huombi kitu chochote, na ukifika sehemu moyo wako unakataa unakaa tu kimya, hulazimishwi. Nlipenda hakuficha, na mule ndani tulikua na mabuibui na rozari mkeka mmoja.

Zoezi la kwanza ni zabibu kavu. Moja tu, kwenye kiganja. Unaitazama, unaigeuza, unaisogeza sikioni unaibinya, unainusa, unaiweka ulimini bila kutafuna. Yangu ilikua na kakijiti kwenye ncha, na nikiibinya karibu na sikio inatoa kasauti kama karatasi. Nlipoitafuna mate yakajaa mdomo mzima, yani nikakumbuka nna miaka nakula cha mchana simu mkononi na sijui hata pilau lilikua na chumvi au halina.

Sasa kilichonifanya niandike ni wiki ya pili. Unalala chali unapitia mwili kwa mawazo kidogo kidogo, unaanzia vidole vya mguu wa kushoto unapanda. Tulipofika kifuani nikabanwa, mama yangu alifariki mwaka jana na kumbe ule mzigo wote ulikua umekaa pale, machozi yakawa yanaingia masikioni siwezi kuyazuia. Dada hakusema achilia. Alikuja akakaa chini pembeni yangu, akaninong'oneza, mdogo wangu fungua macho, shika sakafu, isikie ilivyo ya baridi, ukitaka kukaa kaa, ukitaka kutoka nje toka ntakuja. Nikakaa. Wengine wakaendelea na hakuna aliyenigeukia.

Nasema hivi kwa sababu kuna sehemu nliwahi kwenda kabla, jina silitaji, tulikua wengi mno, kiongozi yuko mbele na maiki anatwambia tuachilie tuachilie, dada mmoja akaanza kutetemeka analia na yule kiongozi akaongeza sauti ya mziki. Kwa kweli anayeongoza wenzake kwenye kitu kama hiki lazima ajue kinaweza kufukua makaburi, na ajue namna ya kumrudisha mtu taratibu, hilo kwangu ndo kipimo cha kwanza, kabla ya sauti nzuri na mishumaa.

Hapa Sinza baada ya kila zoezi tunageukiana, kila mtu anasema alikutana na nini, na dada mwenyewe pia anasema. Siku moja akatwambia leo dakika zote 20 nlikua nawaza ada ya mtoto, nikarudi kwenye pumzi, nikaondoka tena. Baba mmoja mstaafu akashusha pumzi akasema basi na mimi nimo. Siku nyingine muuza kahawa akapita anagonga vikombe dirishani kwetu, dada akasema msimfukuze, msikieni anavyokuja na anavyoondoka. Tukamsikia mpaka akapotea mtaa wa pili.

Mapungufu yapo. Mikeka ni migumu kwa wenye magoti mabovu, rekodi za kufanyia mazoezi nyumbani dada anatuma wasapu na kwenye mbili feni inanguruma kuliko sauti yake, na watu 19 tulikua wengi, wengine hawakupata muda wa kuongea. Kozi ya asili inataka dakika 45 nyumbani siku sita kwa wiki, yeye alitupunguzia mpaka 20 na akatwambia kabisa kwamba kapunguza, mimi hizo 20 nlizipata alfajiri tu baada ya kuswali.

Bei laki mbili na nusu, unalipa kidogo kidogo. Kama umefiwa karibuni au unatumia dawa za akili mwambie mapema pembeni, anauliza mwenyewe na anasikiliza. Beba mto na kanga ya kujifunika, ile sakafu asubuhi ina baridi kweli.