Saruji ya udongo au saruji ya tanuri la chuma?

Kwenye hewa ukaa inayotoka kutengeneza saruji, moto ni sehemu tu ya tatizo. Mawe ya chokaa yenyewe yakichomwa hutoa hewa ukaa, hata moto uwe safi namna gani.

Chuo kikuu cha EPFL cha Lausanne, Uswisi, ikishirikiana na watafiti wa Kuba na India, kimeleta saruji iitwayo LC3: klinka (mawe ya chokaa na udongo vilivyochomwa pamoja, kiini cha saruji ya kawaida) nusu tu, udongo wa mfinyanzi uliochomwa asilimia 30, chokaa isiyochomwa 15, jasi 5. Udongo unatosheka na nyuzijoto 800 hivi; klinka inadai 1,450. Hewa ukaa hupungua kwa hadi asilimia 40.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, wao huchukua saruji ya majengo yaliyobomolewa na kuitia kwenye tanuri la umeme la kuyeyushia chuma chakavu. Taka inayoelea juu ya chuma, ikipozwa haraka na kusagwa, ni saruji mpya. Wazo tamu, ila linataka viwanda vya chuma, vifusi vilivyochambuliwa na umeme safi.

Kwa nchi inayojenga zaidi kuliko inavyobomoa, mimi nachagua udongo. Tanzania, kwa mfano, ina kaolini, udongo mweupe wa mfinyanzi, huko Pugu, jirani na Dar es Salaam. Shida iko saiti: zege la LC3 huwa zito kuchanganya, na fundi asiyepewa kilainishi (dawa ya kulegeza zege bila kuongeza maji) ataongeza maji tu, nguvu ishuke.