Umoja wa Wanafunzi au Kasisi wa Chuo?

Katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopo Tudor na ambacho chimbuko lake, jambo la kukumbukwa na kila Mkristo anayehudumu hapo, ni taasisi ya elimu ya Waislamu, huduma ya Kikristo yaweza kubebwa na umoja wa wanafunzi Wakristo au na kasisi aliyetumwa na kanisa. Umoja huwafundisha vijana kuongoza kwa kuongoza: mwanafunzi wa mwaka wa pili huandaa ibada, husimamia hazina, hupatanisha waliokosana, na hukaa bweni moja na wale anaowachunga. Udhaifu wake ni kwamba viongozi huhitimu wakiwa ndiyo kwanza wamekomaa, na wakati mwingine uongozi huangukia aliyeongoka karibuni, jambo ambalo Paulo alimwonya Timotheo.

Kasisi hubaki chuoni, na ana mafunzo ya theolojia na ya ushauri nasaha. Ila wanafunzi huzoea kuhudumiwa tu. Binafsi nauchagua umoja, mradi awepo mlezi mzoefu asiyeshika usukani, hasa msimu wa makabidhiano ya uongozi.