Uzoefu wangu: kusimamia makundi ya swichi kwa SNMP ndani ya LibreNMS

Nasimamia swichi 46 za mtandao (vifaa vinavyounganisha kompyuta) za watengenezaji watatu tofauti. Zamani, mtu akilalamika kwamba mtandao umekuwa mzito, niliingia kwenye swichi ya ghorofa yake, nikasoma hali ya poti (matundu ya kebo), nikatoka, nikaingia kwenye nyingine. Nikifika ya tano, tatizo limeshaisha na chanzo sijakijua.

Sasa ni mwaka na nusu tangu niweke LibreNMS, inayoziuliza swichi hali zake kwa SNMP, yaani lugha ya pamoja ya kufuatilia vifaa vya mtandao. Ni programu huria iliyochipuka mwaka 2013 kutoka Observium, programu nyingine ya ufuatiliaji, na hulipii kwa idadi ya vifaa. Usakinishaji haukunisumbua, seva moja ya Linux ilitosha.

Kilichonifanya niipende ni makundi. Kundi linaweza kujijaza lenyewe kwa kanuni unayoiweka, na mimi nimetumia sysLocation, yaani pale swichi inapotaja mahali ilipo. Nikiandika "Jengo B, ghorofa 2" ndani ya swichi, inaingia kundini bila mimi kuipanga kwa mkono. Tahadhari nimezifunga kwenye makundi, na muda wa matengenezo vilevile: tukizima umeme wa jengo B usiku, swichi zake hazinitumii ujumbe, za jengo A zinaendelea kuangaliwa. Ila jiandae kufanya usafi kwanza. Swichi zetu nyingi zilikuwa na sehemu hiyo tupu, na kwingine jengo moja limeandikwa kwa namna nne. Wiki nzima iliishia hapo, na sioni wiki niliyoitumia vizuri zaidi katika kazi hii.

Somo lililoniuma lilikuwa la matoleo ya SNMP. Swichi chache za zamani niliziongeza kwa toleo la 1 kwa kuwa lilikubali upesi. Grafu za poti zake za kuelekea swichi ya kati zikaonyesha utulivu, huku watu wakilia. Toleo la 1 halina kaunta (vihesabio vya data iliyopita kwenye poti) za biti 64, na kaunta ya biti 32 inajaa baada ya baiti 4,294,967,296. Kwenye poti ya gigabiti 1 iliyojaa, hizo ni sekunde 34 tu, kisha inaanza tena sifuri. Programu inauliza kila baada ya dakika 5, kwa hiyo kaunta ilikuwa imezunguka mara kadhaa kati ya swali na swali, na nilichokuwa nikisoma hakikuwa na maana yoyote. Nilipozihamishia toleo la 2c, lenye kaunta za biti 64, ukweli ulionekana siku hiyohiyo: poti mbili zilikuwa zimeelemewa kabisa.

Zinazokubali toleo la 3 nimezihamishia huko, pamoja na uthibitisho na usimbaji. Matoleo ya awali yanapitisha neno la siri wazi kwenye waya, na swichi nyingi bado zinatoka kiwandani zikiwa na neno "public". Tafadhali libadilishe hata kama hutabadilisha kingine chochote.

Jambo jingine ambalo usiliache ni kuieleza programu swichi ipi inategemea ipi. Bila hilo, swichi ya kati ikianguka, kila iliyo nyuma yake inapiga kelele, na kwetu zilikuwa 11 kwa mpigo. Sasa napata ujumbe mmoja, wa ile iliyokufa.

Usitegemee ikubadilishie mipangilio ya swichi. Mimi naitumia kuona tu, na nakala za mipangilio nazichukua kwa Oxidized, ambayo inaunganishwa nayo vizuri. Dakika 5 nazo ni nyingi pale msongamano unapodumu nusu dakika, maana wastani unaumeza. Muda huo unaweza kupunguzwa hadi dakika 1, ila kwa swichi zote kwa pamoja, si kwa chache tu. Mimi nimeuacha kwenye 5.